Wageni wa Baba Wako Njiani

Vijana wangu wa machinjioni, mmenisumbua tangu mfungo uliopita niwaandikie habari za jumuiya. Mmesikia kwamba zamani za Mwingereza, huyu mzee mnayemshika mkono kuvuka barabara pale Lyamkena aliwahi kuwa mwenyekiti wa tawi la jumuiya ya Waislamu, akawa na kadi na muhuri, akasimama mbele ya watu akapinga uhuru. Mmeyakuza kidogo, nitayapunguza. Lakini siwezi kuanza na siasa, maana siasa ilinikuta nikiwa kazini. Naanza na jiwe la kunolea.

Jiwe zuri hutoka mtoni. La kwangu nililiokota Ruhuji, bapa, la kijivu, laini upande mmoja na lenye kukwaruza upande wa pili, na mpaka leo liko juu ya kabati karibu na dawa zangu za presha. Nyinyi mnanoa kwa mashine ya umeme, cheche zinaruka, mnacheka. Chuma kikipata moto namna ile kinalegea, na kesho yake mnanoa upya. Weka maji, noa taratibu, upande huu mara kumi na upande ule mara kumi, kisha jaribu makali kwenye nywele za mkono. Zikiondoka bila wewe kusikia kitu, tayari. Mkono wangu wa kushoto ulikaa bila nywele miaka thelathini, na marehemu mke wangu alikuwa akisema ameolewa na kuku aliyenyonyolewa upande mmoja.

Na usinoe mbele ya mnyama. Hili Mzee Bakari alinifundisha siku ya kwanza, nami nikalipuuza nilipoanza kujiona fundi.

Mzee Bakari alikuwa Myao wa Tunduru, mfupi, mwenye sauti ya chini, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mchinjaji pekee wa Njombe. Ndiye pia aliyetuswalisha katika kijumba cha udongo tulichokiita msikiti. Tulikuwa wachache mno: mafundi cherehani wawili, wauza duka, madereva wanaopita, na mimi. Kutoka Njombe kibla iko kaskazini, na kaskazini ndiko iliko Makambako, basi watani wetu Wakristo walisema Waislamu wa Njombe wanayaabudu malori ya Makambako. Mzee Bakari alikuwa akiwajibu, "Na nyinyi mnayapanda bila kuyashukuru."

Mji ule wote ulikuwa wa Walutheri na Wakatoliki, lakini hakuna ng'ombe aliyeuzwa sokoni asiyechinjwa na Mwislamu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa desturi, kwamba nyama ya watu wengi ichinjwe na mtu ambaye mkono wake wote wanaukubali, ili mgeni yeyote akipita aweze kula. Hata kwenye harusi ya Kilutheri, huko vijijini ambako kofia ya Kiislamu haijawahi kuonekana, mara nyingine ungekuta dume limefungwa tangu asubuhi, wanawake wamekwishapanga mafiga, wote wanamngoja mchinjaji atoke mjini. Mimi nilikuwa naingia kama mkuu wa wilaya.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, majani yameganda, vidole vyangu vimekuwa vya mtu mwingine, niliona kisu hakijakaa sawa. Badala ya kwenda nyuma ya kibanda nikatoa jiwe pale pale na kukipitisha mara mbili mbele ya dume jekundu tulilokuwa tumelifunga. Dume likanitazama mimi, likatazama kisu. Sijui ng'ombe anajua nini, lakini lile lilijua. Likakata kamba, likapita katikati ya soko juu ya viazi vya akina mama, likapanda mlima kuelekea kanisani, na mimi nyuma yake na kisu mkononi, nikiita watu wanisaidie, na watu wanakimbia kwa sababu ya kisu.

Nilipofika uwanja wa kanisa nilimkuta mzee mmoja mrefu mwenye koti la sufu ameshika kamba. Alikuwa ameizungusha kwenye nguzo ya kengele, kiganja kimoja kipo kwenye shingo ya dume, anampapasa, anamnong'oneza Kibena. Mzee yule alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa pia baba yangu, na tulikuwa hatujasemezana miaka minne.

Hakusema nami siku ile pia. Alinipa kamba. Akakitazama kisu changu, kisha akamwambia ng'ombe, siyo mimi, "Pole. Umetishwa na mtu asiyejua kazi." Akaingia kanisani.

Itabidi niwaeleze ile miaka minne. Nilizaliwa Ananie, nyumba ya Kilutheri, kijiji cha saa mbili kwa miguu kutoka Njombe mjini. Nilikuwa darasa la tatu shule ya misheni nilipoanza kwenda kumtazama Mzee Bakari akifanya kazi, siku za soko. Watu wanasema nilibadili dini kwa ajili ya kisu, kwa kuwa asiye Mwislamu hawezi kuwa mchinjaji wa soko. Sikatai kabisa. Nilianza kwa kisu, nikabaki kwa sala. Mzee Bakari alikuwa na utulivu fulani anaposimama kuelekea Makambako, nikautaka na mimi. Nilipojiita Athumani, mwalimu aliniambia kwamba katika orodha yake hakuna jina hilo, na huo ukawa mwisho wangu wa kusoma. Nyumbani baba hakunifukuza. Aliacha tu kuniita jina lolote. Ananie hakuweza kulitamka kwa sababu nilikuwa nimelikataa, na Athumani hakuweza kulitamka kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na wenzake wanamsikiliza. Mtu asiyeitwa jina nyumbani kwao hukosa pa kukaa hata pakiwa na viti. Nikahamia mjini, nikapanga chumba.

Na msikitini je? Msidhani huko nilipata ukoo. Mafundi cherehani walikuwa watu wema, lakini walikuwa na pwani yao ya kuzungumzia, jamaa zao, mashairi yao, vyakula vyao vya nazi. Mimi Mbena nilikuwa nasikiliza. Wakiwa na utani waliniita Mwislamu wa kisu. Idi mbili kila mwaka nilikuwa nachinja mbuzi wa watu kumi, kisha narudi chumbani kula peke yangu. Nimeishi miaka mingi, na bado sijui upweke mwingine unaofanana na ule wa siku ya sikukuu.

Miezi michache baada ya kisa cha dume, ndugu yangu mdogo Zakaria alikuja machinjioni. Alisimama mbali na damu, kofia mkononi.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene. Kuna msiba?"

"Hapana. Baba anasema mchinjaji aje Jumamosi. Kuna mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Tumeezeka paa."

Nikaenda. Baba alikuwa uani na wazee wenzake wa kanisa. Mmoja wao alimuuliza kwa nini mbuzi mdogo hivi asubiri Mwislamu kutoka mjini. Baba akajibu bila kumtazama, "Kuna wageni wetu Waislamu. Wako njiani." Nikachinja, nikachuna. Mama akanipikia sehemu ya shingo, ambayo kwetu ni haki ya mchinjaji, na baba akamwambia, "Mpe mchinjaji ale hapa hapa, asiondoke na njaa." Nikala kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko. Wageni Waislamu hawakutokea. Nikacheka moyoni, nikajua baba ametunga tu neno la kunyamazisha wazee.

Tangu hapo nikawa naitwa. Mbuzi wa mavuno. Mbuzi wa mjomba aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge. Kondoo wa sijui nini. Kila mara wageni Waislamu wako njiani, na kila mara hawafiki. Baba alianza kukaa karibu na kigoda changu, na tulikuwa na mazungumzo ya ajabu, ya kazi tupu. "Baridi haikukamati mkono?" Inanikamata. "Kabla ya kumlaza, weka mkono kwapani kwake, chini ya bega. Atakupa joto na yeye atatulia." Vijana, hilo ndilo mnaloniona ninawaonyesha kila mwezi wa saba, mnaniita fundi. Sikulipata kwa Mzee Bakari. Nililipata kwa mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa haniiti jina.

Lakini wakati ule sikuliona hivyo. Niliona naitwa kwa kisu, nalishwa kama fundi yeyote, naondoka. Kila nikirudi mjini nilikuwa nimeumia zaidi kuliko nilivyokwenda.

Hapo ndipo Bwana Hamisi aliponikuta.

Alishuka kwenye basi akiwa na koti jembamba la watu wa pwani, meno yanagongana. Alitumwa na jumuiya kutoka Dar es Salaam kuanzisha matawi nyanda za juu. Alilala chumbani kwangu wiki tatu, mimi chini yeye kitandani kwa ajili ya kikohozi chake, na sitaki mmoja wenu amseme vibaya, maana alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa na daftari alilojaza maswali. Njombe nzima, aliniuliza, karani wa boma ni nani? Mkristo. Dresa wa hospitali? Mkristo. Mwalimu? Mkristo. Mwislamu ni nani? Dereva, fundi cherehani, mchinjaji. "Na hii siyo akili," akasema. "Ni shule. Shule wamepewa misheni, na mtoto wetu akiingia humo hutakiwa atoke na jina jingine. Wewe mwenyewe ulitolewa kwa sababu ya jina."

Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza maisha yangu kwa sentensi tatu kabla ya hapo. Nilishindwa kumaliza chai.

Wakati ule upepo wa uhuru ulikuwa umefika hata kwetu. Chama cha uhuru kilikuwa kinafanya mikutano, na ndani yake Waislamu walikuwa wengi na wa mbele. Bwana Hamisi alikubali hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba Waislamu ndio wanaopiga ngoma ya uhuru, lakini siku Mwingereza akiondoka, viti atakavyoviacha vitakaliwa na waliosoma misheni, na sisi tutarudi kupiga ngoma. Kwa hiyo jumuiya ilitaka mambo mawili. La kwanza, shule za Waislamu, zenye hesabu na Kiingereza pamoja na Kurani. La pili, Waislamu wawe na sauti yao wenyewe katika siasa, wamwambie Mwingereza asiharakishe mpaka watoto wao nao wafike. Hilo la kwanza silioni kosa lake mpaka leo. La pili ndilo lililotugawa.

Nikachukua kadi. Tulikuwa wanane, na nikafanywa mwenyekiti kwa kuwa ndiye niliyekuwa najua Kibena. Msidhani wote wanane walikuwa wanasiasa. Utingo mmoja wa lori alijiunga akiamini kadi yenye muhuri itawatisha askari wa barabarani. Fundi cherehani alijiunga kwa sababu aliambiwa jumuiya italeta bati za msikiti. Mimi nilijiunga kwa sababu Bwana Hamisi, siku aliyonikabidhi muhuri, alinikumbatia mbele ya watu akasema, "Huyu ni ndugu yetu Athumani." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nililia kama mtoto.

Mzee Bakari alikataa kadi. Alivua kofia yake akatuonyesha kilichokuwa kimekunjwa ndani: kadi ya chama cha uhuru.

"Dini yangu na nchi yangu nazibeba mahali pamoja," akasema, akaivaa tena.

Jioni hiyo tukiosha visu nilimuuliza kama ni uongo kwamba hatuna shule.

"Ni kweli, tena inauma," akasema. "Mtu akikwambia uongo nitakusaidia kumfukuza. Huyu anasema kweli. Lakini, Athumani, anainoa mbele ya ng'ombe. Watu wataona kisu, hawataona shule. Watakimbia, na wewe huna miguu ya kuwafuata wote."

Nilimwona amezeeka. Nyinyi pia mnaniona hivyo, najua.

Sasa harusi. Zakaria alikuwa anaoa, na baba alikuwa ametenga dume, siyo mbuzi. Siku iliyopangwa ndiyo siku hiyo hiyo jumuiya ilipoitisha mkutano wa matawi yote ya ukanda wetu pale Makambako. Ningeweza kumwambia Bwana Hamisi nitachelewa. Dume linachinjwa alfajiri, na lori la Makambako lilikuwa linapita asubuhi. Ilikuwa ni suala la kupanga tu. Lakini nilikuwa nimekwishamweleza Bwana Hamisi habari za nyumbani, kigoda, mlango wa jiko, na yeye alikuwa ameniambia kwa huruma, siyo kwa ubaya, "Baba yako anakuita mchinjaji. Sisi tunakuita ndugu. Kisu chako ndicho wanachokihitaji, na kesho hao hao ndio watakaokutawala."

Zakaria alipokuja alikuwa na furaha usoni, bwana harusi kijana, viatu vipya vinambana.

"Kamwene, kaka. Baba anasema mchinjaji aje Jumamosi alfajiri. Ni harusi yangu."

Nikaendelea kukata nyama. "Mwambie baba kisu changu hakichinji nyumba ile tena."

Alidhani namtania. "Kaka, ni harusi yangu."

"Nimesikia. Kama anataka mchinjaji, wachinjaji wapo. Kama anataka mtoto, aite mtoto."

"Nimwambie na hilo?"

"Mwambie yote."

Akasimama kidogo akizungusha kofia. Akasema, "Haya," akaondoka akichechemea kwa viatu vile. Nilitaka kumwita. Badala yake nikauliza mteja aliyefuata anataka paja au mbavu.

Jumamosi nikapanda lori la Makambako. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, watu wamejaa, wengine wametoka Iringa na Mbeya, pilau inanukia nje. Sikuwahi kuwa katikati ya Waislamu wengi namna ile. Nilipopewa nafasi nikasema maneno ambayo hamjaacha kunichokoza nayo. Nilisema: "Uhuru ukija kesho, karani atakuwa yule yule na mchinjaji atakuwa yule yule." Basi. Hiyo ndiyo hotuba yangu yote ya kupinga uhuru. Watu walisimama wakapiga makofi muda mrefu, mpaka nikaona aibu, nikatazama chini. Tukapitisha barua ya kumwambia Mwingereza asubiri, tukapitisha pia kwamba wanachama wasitoe huduma kwenye shughuli za wanaotupinga. Nikala pilau na watu wanaoniita ndugu. Sitawadanganya, ilikuwa siku nzuri.

Mambo yaliyofuata nayasema kwa ufupi kwa sababu yananichosha. Habari za azimio letu zilifika Njombe kabla yangu. Wafanyakazi wa mashamba ya miti ya miwati wakasema kama kisu kina chama, basi na wao watachinja wenyewe. Kabla ya mvua soko la Njombe lilikuwa na meza mbili za nyama, moja ya Wakristo na moja yetu, na kati ya meza hizo palipita watu waliosalimiana miaka yote, sasa wanatazama mizani. Mzee Bakari alisimama pale siku moja, akatazama meza ya huku na ya kule, akaniambia anarudi Tunduru. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Aliniachia visu viwili na hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Tulianza kufyatua matofali ya shule kule Makambako. Bwana Hamisi alituandikia barua moja ya kututia moyo, kisha kimya. Nilisikia baadaye kwamba kifua kilimzidi akarudi kwao pwani, na jumuiya yenyewe huko juu ilikuwa imegombana. Wanachama wenzangu walipungua mmoja mmoja, utingo wa kwanza, maana askari hawakutishwa na kadi. Mvua ikaanza kuyala matofali. Nilikuwa nakaa kule wiki nzima nikiyafunika kwa majani, mwenyekiti wa tawi la mtu mmoja. Nilikuwa bado naamini shule ile itasimama. Ilikuwa lazima isimame, kwa sababu nilikuwa nimeilipia.

Nilikuwa kwenye matofali hayo dereva mmoja aliponiambia kwamba baba amefariki. Lori lilikwama njiani kwa tope. Nilipofika kijijini, na kisu cha Mzee Bakari nimekifunga kwenye kitambaa, kaburi lilikuwa limekwishafukiwa na uani sufuria zinachemka. Ngozi ya dume ilikuwa imetandazwa kwenye ua. Nilipoiona nikajua hawakuningoja.

Zakaria alinijia. Alikuwa amenenepa kidogo. Akaona nilichoshika.

"Nimechinja mwenyewe, kaka. Hatukujua kama utakuja. Ulisema kisu chako hakichinji nyumba hii."

"Nilisema."

"Basi," akasema, bila hasira, akanionyesha pa kukaa.

Watu walikula. Harufu ya nyama ya nyumbani kwetu naijua, mama alikuwa anaweka tangawizi kidogo. Nilikaa kwenye kigoda kile kile karibu na mlango wa jiko. Mama akatoka na sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni, akanipa, kisha akakaa chini kando yangu na shuka lake la msiba.

"Nyama hii si yako, mwanangu. Vumilia."

"Mlikuwa hamna haja ya mchinjaji leo," nikasema. Nilikuwa bado na kiburi, hata siku ile. "Wageni wa baba hawako njiani?"

Mama akanigeukia. Alikuwa na macho makavu, amekwishalia yote.

"Aliyekuwa akisema wako njiani tumemzika leo," akasema. "Wewe ulimwona mgeni gani hapa, Athumani? Mwaka gani? Mwislamu gani amewahi kuja kula kwenye uwanja huu?"

Nikachukua kiazi kwenye sahani.

"Alikuwa anauza mahindi ili apate mbuzi. Wazee wa kanisa wakimsema. Nikamwambia, 'Si umwite tu mtoto.' Akasema, 'Akija nitampa nini ale? Tulichochinja sisi hali. Nyama akiichinja mwenyewe atakula, na akila atakaa.'"

Nilikuwa nimeshika kiazi. Nakumbuka kilikuwa cha moto na sikukiweka chini.

Nikamuuliza habari za harusi, kama baba alikasirika Zakaria alipompelekea maneno yangu. Mama akasema hakukasirika. Alivaa koti lake akatembea kwa miguu mpaka mjini kumwomba Mzee Bakari aje achinje, akarudi naye, dume likachinjwa vizuri, kisha akazuia watu wasile. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Maharusi wana njaa, kwaya ina njaa. Wazee wa kanisa wakamfuata, wakamuuliza hao wageni wake wa siku zote watafika lini.

"Siku hiyo hakusema wageni," mama akasema. "Alisimama mbele yao wote, mchungaji naye yupo. Akawaambia, 'Nimeambiwa nimwite mtoto, nami namwita. Athumani yuko njiani.'"

Ilikuwa saa nane mchana. Saa ile mimi nilikuwa Makambako, napigiwa makofi.